Uvimbe wa Dada Nicolasa

Dada Nicolasa Tzunún, muuza karoti wa soko letu, hakumwamini mtu. Ukimsalimia, anakutazama mikono kwanza. Nimeuza vitunguu kando yake miaka kumi na saba, na ndani ya nyumba yake sijawahi kuingia.

Mwaka ule alikuwa na sababu. Mwanawe Fidencio alikuwa amepitia Meksiko kwenda kaskazini bila vibali, na kwa miezi mitano hakupiga simu. Habari kama hiyo haitangazwi hapa kwetu San Bartolo. Wapo wahuni wanaosubiri kuisikia tu, kesho yake unapigiwa simu, "Mwanao tunaye, lete pesa." Nicolasa alitaka mtu mmoja wa kuomba naye, mwenye kifua cha kutunza siri. Mlima wetu una makanisa matano, na karibu kila moja lina spika.

"Tumeamriwa kuzipima roho," aliniambia baadaye, siri ilipokuwa si siri tena. Akazipima kwa njia yake: kanisa moja baada ya jingine akalipelekea uongo wake, kisha akakaa sokoni kusikiliza upi utarudi.

Kanisa la juu aliwaambia ana vidonda vya tumbo. Kufikia Alhamisi muuza kabichi akamletea majani ya kuchemsha. "Pole na tumbo, dada." Nicolasa akayapokea, na kanisa la juu akalifuta.

Kanisa la pili alimnong'oneza shemasi kwamba anagombea shamba na dada yake. Nicolasa hana dada. Jumapili iliyofuata mchungaji akafumba macho, akatetemeka, spika ikavuma mtaa mzima: "Naona shamba! Naona ndugu wawili wa damu!" Watu wakaitikia amina. Nicolasa akachukua shali yake, akaenda zake.

Mimi nami alinipima. Aliniambia anataka kuolewa tena. Nilishindwa kabla ya saa sita mchana, na sioni haya kusema. Habari ile ilikuwa tamu mno.

Kanisa la tatu ni kibanda cha mabati karibu na mto. Hapo alimwambia mke wa mchungaji, dada Hermelinda, kwamba ana uvimbe kwenye titi. Ikapita wiki, ikapita ya pili, na ya tatu. Alitega sikio hata kwenye foleni ya kinu cha mahindi, ambako siri haiponi. Kimya.

Ndipo akaenda na la kweli. Alimkuta Hermelinda jikoni, amekonda, mishipa ya shingo imemtoka, anawapikia watoto chapati za mahindi na yeye hali.

"Unaumwa, dada?"

"Siumwi. Nimefunga kwa ajili ya titi lako. Leo siku ya ishirini na moja."

Aibu ilimpanda Nicolasa mpaka masikioni. "Dada, sina uvimbe. Nilikuwa nakupima." Kisha yote yakamtoka kwa pamoja: Fidencio, mpaka, miezi mitano, simu isiyolia.

Hermelinda alichukua chapati ya moto, akaisogeza mdomoni, na alikuwa na haki. Akasita.

"Na huyo Fidencio," akauliza, "yupo kweli?"

Nicolasa hakuwa na cha kumwonyesha, hata picha hakubeba. "Yupo, dada. Niamini tu."

Hermelinda akairudisha chapati kapuni, akaifunika.

"Haya, keti," alisema. "Tuanze upya."