Nilimwita mama wa watu mwongo, kumbe mwongo ni code yangu

Ejok wakuu, ndivyo tunavyosalimiana huku Turkana. Hapa sitaongeza chumvi, iliyopo inatosha kuniaibisha.

Mimi ni developer, naishi Kanamkemer, Lodwar. Niliunda mfumo wa kompyuta wa kugawa miwani kule Kalobeyei, kwenye makazi ya wakimbizi. Hatua ni tatu: hakikisha mtu amepimwa macho, toa miwani moja stoo, kisha andika "amepokea".

Kila hatua inabadilisha state, yaani hali ya rekodi, na inategemea iliyotangulia. Hapo watu wa functional programming hutumia monad: unaunganisha hatua kama mnyororo, moja ikikataa, zilizobaki hazifanyiki na state inabaki ilivyokuwa.

Neema, Mkongomani tunayefanya naye kazi Kakuma, alinionya mapema. "Kaka, hatua zako kila moja inajiendea. Ya stoo ikikatala, nani atazuia ya mwisho?"

Nikamcheka. Nikasema monad ni za maprofesa, if zangu, yale masharti ya kawaida ya code, zinatosha. Ujuaji mwingi jamani!

Siku moja Mama Akiru, fundi wa nguo, alikuja tukiwa tumeishiwa miwani ya namba yake. If yangu ikaonyesha "hakuna stoo", lakini haikusimamisha kitu. Code ikasonga, ikaandika "amepokea".

Mzigo ulipofika akarudi. Screen ikasema alishachukua.

"Mimi hakuna kuchukua kitu," alisema.

Nami, mbele ya foleni nzima: "Mama, kompyuta haidanganyi. Unayedanganya ni wewe."

Watu wakacheka. Nami nikacheka nao. Mama Akiru akaondoka bila miwani.

Wiki hiyohiyo nikakagua logs, kumbukumbu za kila hatua ya mfumo. Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimpigia Neema, tukaandika upya kwa mnyororo. Hakunisimanga hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi.

Kisha nikabeba miwani, nikapanda boda hadi kwa Mama Akiru. Nikaomba msamaha. Akaivaa, akatia uzi kwenye sindano mara moja. Nikadhani yameisha.

"Asante," akasema. "Na wale watu ya laini, utaambia wao lini?"

Data yake nilishairekebisha, lakini wale waliocheka bado wanamjua kama mwongo.

Nilichojifunza: mwenzako akikuonya, msikilize kabla hujacheka. Na mtu akikwambia hajapata, kagua kwanza kazi ya mikono yako.

Foleni inarudi Jumanne. Nitasimama mbele yao, na Mama Akiru amesema atakuja kusikiliza.

Mliowahi kuomba msamaha hadharani, neno la kwanza mlisema nini?