Saa Nne Mpaka Saa Tisa

Siku yangu ya kwanza kwa maabara ya uvimbe hapa Nyeri, nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mtoto mchanga nyumbani. Msimamizi alinionyesha mtungi wa fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama. "Kipande cha nyama kikitoka thieta ya upasuaji, tia humu mara moja. Na uandike saa kilikatwa." Nyinyi mnaoanza, msidhani hiyo ni kazi ndogo.

Daktari wa maabara ndiye alinieleza sababu. Seli iko na vipokezi kwa ngozi yake, yaani protini za kupokea amri ya kukua. Amri hupitishwa ndani, protini hadi protini, mpaka kwa kiini, na seli inagawanyika. Kwa saratani zingine za titi kipokezi kimoja huzidi, amri haikomi. Kuna dawa ya kukizuia, lakini hupewi mpaka rangi ya maabara, ile ya kukionyesha, ikishike. Nyama ikikaa bila fomalini protini inaharibika, na rangi haioni kitu.

Ijumaa moja fomalini iliisha. Kipande cha mama mmoja wa Naro Moru kilikatwa saa nne asubuhi, kikakaa mezani kwa kitambaa chenye maji. Fomalini ilifika kutoka Karatina saa tisa.

"Andika kilikatwa saa nane na nusu," msimamizi akasema.

"Mkubwa, hiyo si kweli."

"Ati si kweli! Mama Wangeci, unataka wapimaji waturudishie fomu kwa kuchelewa? Andika twende."

Wangeci, mtoto wangu, alikuwa na homa nyumbani, na kazi hii ndiyo ilimnunulia dawa. Niliandika.

Majibu yakasema kipokezi hakijazidi. Mama akakosa dawa. Baadaye ugonjwa ulifika kwa ini, wakapima kipande kipya: kipokezi kimejaa. Hakuna aliyeuliza habari ya fomu.

Niliacha kazi hapo, bila keki wala hotuba. Nikaenda Naro Moru. Nilimkuta yule mama akimenya viazi, mtoto wake, rika la wangu, akimvuta leso. Nilimwambia yote.

"Umekuja nikusamehe?"

"Hapana."

"Vizuri, maana sijui kama naweza. Hiyo fomu bado inadanganya?"

"Bado."

"Basi rudi uirekebishe. Si mimi wa mwisho kwa hiyo meza."

Nilirudi. Mlinzi alinizuia langoni, ati mimi si mfanyakazi tena. Kwa hivyo naandika hapa, kwenu mnaoanza: kilikatwa saa nne. Kiliingia fomalini saa tisa. Aliyeandika uongo ni mimi.