Lakiri ya Mama Lakiri

Kwa miaka ishirini na saba hakuna kielelezo kilichotoka stoo ya mahakama bila sahihi. Shoka, godoro, hata mbuzi aliyeibwa: mbuzi alifungwa kamba, kamba ikapigwa lakiri, na mlinzi akasaini kwamba amepokea mbuzi mmoja, mkaidi. Ndiyo maana watu wakamwita mtunza stoo huyo Mama Lakiri, naye jina akalivaa kama medali.

Sheria ilipotamka kwamba ujumbe wa simu ni ushahidi sawa na barua, karani mkuu alimshauri astaafishe mshumaa wake wa kuyeyushia lakiri. Dunia imehamia kwenye kompyuta, alisema, huku mwenyewe akimwita mwanawe kila alipotaka kuiwasha. Mama Lakiri alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akaenda kununua mshumaa mwingine.

Siku polisi walipoleta simu ya fundi cherehani, aliizima, akaitia kwenye bahasha, akadondosha lakiri nyekundu kwenye mikunjo yote minne na kugandamiza muhuri. Fundi alishtakiwa kwa kusambaza uongo mtandaoni dhidi ya mwenyekiti wa soko. Yeye aliapa kwamba hajaandika neno. Akipatikana na hatia ni jela, na wanawe wawili wangebaki na shangazi asiyewapenda.

Siku ya kesi, mtaalamu wa kompyuta alipanda kizimbani na tai ndefu kuliko maelezo yake. Alitaja namba, herufi na vifupisho hadi mwendesha mashtaka akaanza kuitikia kwa kichwa kama anaelewa. Kwa ufupi, alisema, ameichunguza simu hiyo yeye mwenyewe, na ujumbe umetoka humo.

Hakimu akaitaka simu. Mama Lakiri akaingia na bahasha yake mikononi kama anabeba keki ya harusi. Kwenye viti vya nyuma watu wakacheka. Mtaalamu naye akatabasamu, akauliza kama hiyo nta ni ya kuzuia virusi.

Mama Lakiri aliiweka bahasha mezani. Akafungua daftari la sahihi.

"Mheshimiwa, simu iliingia stoo Jumatatu, saa tatu asubuhi. Haijatoka mpaka leo. Lakiri zote nne ni nzima, na sahihi ya huyu baba humu haimo."

Hakimu akaigeuza bahasha polepole, akaikagua kila upande. Akamtazama mtaalamu juu ya miwani.

"Uliichunguza ukiwa nje ya bahasha, au ulikuwa umo ndani?"

Mtaalamu akakiri kwamba simu hajawahi kuigusa. Alichokiona ni karatasi iliyochapwa, aliyoletewa na mwenyekiti wa soko. Nani aliichapa, na kutoka mashine gani, hakuuliza.

Hakimu hakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Karatasi isiyojulikana imetoka mashine gani, alisema, sheria haiipokei, hata ikivaa tai. Ushahidi mwingine haukuwepo, kesi ikafutwa. Akanyoosha mkono aifungue bahasha ampe fundi simu yake.

"Sahihi kwanza, mheshimiwa," Mama Lakiri akasema.

Hakimu akachukua kalamu, akasaini.

Fundi alimrukia Mama Lakiri shingoni akilia. Mama naye akambembeleza, akamfuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake, akamwita mwanangu. Alipotulia, akampa kalamu. Mstari wa pili, chini ya hakimu.