Maneno Yalivyomhama Mke Wangu

Mwaka 1978, nikiwa na miaka thelathini na mmoja, ndipo shida yangu ilipoanza. Kabla ya hapo nilikuwa maskini tu, na umaskini sikuwahi kuuita shida. Mimi ni Mnyaturu; nilitoka Singida na darasa la pili langu, nikavuna kahawa kwenye mashamba ya walowezi juu ya Karatu mpaka nikapata kishamba Rhotia na mke Mwiraqw. Kiiraqw nilichonacho alinifundisha yeye, huku akinicheka.

Siku hiyo tulikuwa tunapalilia maharage. Akakaa chini, akashika kichwa, akalala. Tulimbeba kwa machela hadi hospitali. Mkono wake wa kulia ulilegea, baada ya muda ukarudi, nikajua tumepona. Nikamwambia, "Mama watoto, kunywa maji." Akaniangalia kwa adabu, kama mtu anayesemeshwa na mgeni njiani. Nikarudia kwa Kiiraqw. Vilevile. Nilipomtia kikombe mkononi, akanywa. Kuongea aliongea, tena sana, lakini maneno hayakuwa na kichwa wala miguu.

Daktari akaniita pembeni. "Mzee, masikio ya mama ni mazima."

"Mimi si mzee."

"Haya, bwana. Masikio ni mazima, na kikombe anakijua. Kilichoharibika ni kati."

Akanieleza kwamba neno halikai mahali pamoja kichwani. Sauti yake ina sehemu yake, sura ya kitu ina yake, na namna mkono unavyokishika ina yake. Sehemu hizo zikipashana habari, ndipo mtu anaelewa.

"Kama barabara ya kupanda Ngorongoro inavyokatika masika?" nikamwuliza.

"Hivyo hivyo."

"Basi itachongwa."

"Hii haina greda, bwana. Miezi ya mwanzo huenda akapata kanjia. Asipokapata, usitegemee sana."

Mimi nilitegemea. Sikujenga maisha yangu kwa kusikiliza anayesema haiwezekani.

Baada ya mavuno majirani walikuja kutusaidia kupura maharage, na pombe ikapikwa kama kawaida. Baba mkwe akasimama kutoa slufay, yaani maombi ya wazee wa Kiiraqw. Mzee huomba mvua, mifugo na watoto, mstari kwa mstari, na kila anapotua watu wote huitikia pamoja kwa mguno mmoja. Mke wangu alikaa kati ya wanawake. Mzee alipotua, akaitikia. Akaitikia tena na tena, hakuchelewa hata mara moja, uso umechangamka.

"Mwanangu amerudi!" Baba mkwe alilia mbele za watu.

Jirani akanipiga bega. "Mnyaturu, umekwisha! Kesho unaanza kusutwa upya kwa Kiiraqw chako kibovu."

"Anisute," nikasema. "Anisute mpaka jua lizame." Watu wakacheka, kondoo akachinjwa. Kwetu anayeitikia slufay amesikia, basi. Hakuna aliyefikiri vingine.

Baba mkwe akamshika mkono, akamwuliza kwa Kiiraqw, "Mimi ni nani?"

Akamjibu kwa ule mguno wa kuitikia.

"Mwanangu, mimi ni nani?"

Mguno uleule, na tabasamu. Watu wakaweka vibuyu chini. Mzee akamwachia mkono.

Nilirudi kwa daktari. Akasema kuitikia kwa mazoea kuna njia yake, na kuelewa kuna yake. Ile moja ilibaki, hii nyingine haikurudi.

Aliishi hivyo miaka. Alilima, alikamua, alipika ugali vizuri kuliko wanawake wenye maneno yao yote. Binti yetu alipoolewa kijiji cha Kansay, alizunguka nyumba akimtafuta, akafungua mpaka banda la ndama. Nilimwambia ameolewa, yuko salama. Nikanyoosha kidole upande wa Kansay. Akakitazama kidole.

Alifariki mwaka 1986. Watu huniambia alielewa kwa moyo. Waseme wao. Niliyeishi naye ni mimi, na hakuelewa. Yote niliyoyapata baada ya pale niliyapata bila mtu wa kumwambia.

Leo nina ekari kumi na nne Rhotia. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitano. Ng'ombe kumi na mmoja. Mashine ya kusaga. Pikipiki mbili za bodaboda, moja mbovu. Sikurithi hata kimoja. Sikuoa tena.