Trepie Nyepesi na Figa la Tatu

Najua mnanijua. Uvira nzima inajua kwamba nikivua ndagala mmoja asubuhi, ikifika jioni amekuwa sangala, na kufikia Jumapili amekuwa mamba aliyenikimbiza mpaka kwenye lami. Sikatai. Lakini kisa hiki nimekitoa chumvi yote, na ile kidogo iliyokwama, mke wangu Neema ameifuta yeye mwenyewe. Alikuwepo. Kovu analo kwenye paja. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana mbele huko hatapata nafasi.

Mimi ni mpiga picha. Diplome niliipata shule ya jioni, nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu wa hesabu. Kazi yangu ni harusi, ubatizo na vilio, kuanzia kwetu Kilibula mpaka kule uwanda wa Ruzizi, Bwegera, Nyakabere, popote watu wanapovaa suti na kula wali. Na tabu yangu miaka yote ilikuwa moja: trepie, ile stendi ya miguu mitatu inayobeba kamera. Yangu ilikuwa ya chuma, nimeirithi kutoka studio iliyofungwa. Nzito, niamini! Nikipanda moto, yaani pikipiki, nayo mgongoni, gurudumu la mbele lilikuwa linatafuta mbingu. Tena nikiikunja ilinifika kifuani, na nikiifunga kwenye gunia haikufanana na kitu cha harusi hata kidogo. Kwenye kila barrière ya askari barabarani ilikuwa vita.

"Weye, shuka! Ni nini iko mugongoni?"

"Chef, ni trepie."

"Ya bunduki gani?"

"Ya kamera, chef."

"Kamera inafyatua nini? Lala chini!"

Nimelala chini na suti ya harusi mara nyingi kuliko bwana harusi yeyote wa nchi hii amelala kitandani. Siku moja wakaniweka juani mpaka maharusi wakakata keki bila mimi. Nikasema basi. Natafuta trepie ndogo, nyepesi, inayoingia ndani ya sac ya mgongoni, mtu asiione.

Mwenzangu Espoir anauza vyombo vya picha karibu na soko. Alinitandikia tatu mezani. Ya kwanza nyembamba kama miguu ya korongo, ina vipande vingi, hata ukipiga chafya inachuchumaa. Ya pili ya aluminiamu, ngumu, nzuri, lakini ukiikunja bado inatokeza nje ya sac kama mkia. Ya tatu ilikuwa ya kaboni. Miguu yake inageuka juu na kukumbatia kichwa, yote inakuwa kama chupa ya maji. Niliinyanyua kwa vidole viwili. Nikaipenda palepale, kama mjinga.

"Sikiliza," Espoir akaniambia, "nyepesi kwako, nyepesi kwa upepo pia. Unaona hii ndoano chini, katikati ya miguu? Ukienda ziwani tundika kitu kizito. Sac yako, ama bidon ya maji imejaa. Usisahau."

"Espoir, minye niko na diplome."

"Ndiyo maana nakukumbusha."

Jioni ileile nikateremka ziwani kuijaribu. Nilitaka picha moja tu: mitumbwi ya ndagala inapotoka na taa zake, nyuma yake taa za Bujumbura ng'ambo. Picha ya namna hiyo inataka kamera iache jicho wazi muda mrefu, na chochote kinachocheza kinafutika. Mawimbi yanakuwa moshi. Watu wanaotembea wanapotea kabisa. Kinachobaki ni kile kilichotulia. Shikeni neno hilo, litarudi.

Nilisimama pale ambapo maji yalipanda yakameza nyumba, kisha yakarudi nyuma kidogo yakaacha kuta bila mabati. Hakuna anayeishi pale tena. Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya mlima, giza ndiyo linaanza, na upepo ulikuwa unavuma kwa hasira. Nikafungua trepie yangu mpya. Ikatetemeka kama mtu ana malaria. Bidon ya maji? Nilikuwa nimeisahau nyumbani. Sac? Kamera imeshatoka, imebaki nyepesi kama mfuko wa mkate.

Nikatafuta jiwe. Ndani ya ukuta mmoja nikaona jiko. Mafiga matatu, meusi kwa masizi, yamesimama yanatazamana, kana kwamba maji hayakupita hapo. Moja lilikuwa na kiuno katikati, kamba ingeshika vizuri. Nyinyi mnajua, na mimi nilijua, mama yangu alinifundisha nikiwa natambaa: figa la mtu haliondolewi moja. Mwenye nyumba akihama, anaondoka na yote matatu au anayaacha yote matatu. Jirani haombi moja, hata kwa siku moja. Nilijua. Lakini nikajiambia nyumba yenyewe imekufa, mwiko utakuwa umebaki kwa nani? Nikalivuta. Lilikuwa la moto.

Ndiyo, la moto. Nikasema ni jua la mchana. Nikalifunga kamba, nikalitundika kwenye ndoano, trepie ikatulia kama imepigiliwa misumari. Nikafungua jicho la kamera.

"Weye. Iko wapi ya tatu?"

Niligeuka. Mwanamke. Kitenge chake kililowa mpaka kiunoni, mkononi ana sufuria. Uso sikuuona vizuri, giza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyegombana siku nzima na bado hajachoka.

"Jambo, mama. Ya tatu ya nini?"

"Unaniuliza minye? Ulikuta mangapi?"

Nilidhani ni wale wanaotaka kitu kila wakiona kamera. Nikajibu kwa kucheka, si mnanijua. "Mama, niko napiga picha tu. Toka kidogo mbele ya lensi, nitakupiga na yako, utapendeza."

"Kichwa yako inazunguka kama kichwa ya hiyo fimbo yako. Kwenu muko wangapi?"

"Tuko batatu!" nikajigamba. "Minye, muke yangu na mama yangu. Na wa ine yuko njiani, mwezi ujao, dume, tena kubwa kama muntu wa kubeba simenti!"

Akaitazama sufuria yake. Halafu akasema polepole, "Wa ine wa nini? Jiko inataka tatu. Na yangu iko na mbili. Basi minye na weye tutalingana."

Kamera ikafunga jicho. Nikatazama kioo chake, sekunde moja tu. Nikiinua macho, mwanamke hayupo. Nyayo hazipo. Nikatazama picha tena. Mawimbi yamekuwa moshi, sawasawa. Taa za mitumbwi zimekuwa nyuzi, sawasawa. Pale aliposimama kunigombeza, hakuna mtu. Lakini pembeni, ndani ya ule ukuta, moto unawaka, na yeye amechuchumaa, kila uzi wa kitenge unaonekana, hakutikisika hata kwa pumzi moja muda wote ule. Sufuria imekaa juu ya mafiga mawili. Upande wa tatu ameishikilia kwa mkono wake. Mkono uko ndani ya moto. Na anatazama kwenye lensi.

Mngefanya nini? Mimi ningekuwa na akili ningerudisha jiwe palepale. Nilikunja trepie, nikatupa kila kitu ndani ya sac, nikakimbia mpaka barabarani, nikapanda moto ya kwanza. Jiwe lilikuwa bado limefungwa kwenye ndoano. Nilikimbia nalo! Sac nzima nimebeba woga, sikusikia uzito.

Nafika Kilibula, Neema yuko uani anapika. Sisi tunatumia mbabula ya makaa, haina mafiga, ina vyuma vitatu vya kushikilia sufuria, mpya, imara. Maji ya bugali yalikuwa yanachemka. Niliweka sac chini karibu na mlango. Sikugusa mbabula, Neema hakugusa, paka hatuna. Sufuria ikainama upande mmoja, taratibu, kama mtu ameondoa mkono wake chini. Maji yote yakamwagika kwenye paja la mke wangu.

Sitaeleza mlio wake. Alianguka, akashika tumbo, na uchungu ukaanza kabla ya wakati wake.

Mama yangu alitoka ndani mbio. Alimfunika Neema, alimshika mabega, kisha akatazama mbabula iliyobaki imesimama, halafu akanitazama mimi, halafu sac. Chini ya sac saruji ilikuwa inatoa mvuke.

"Fungua."

Nikafungua. Mama aliona masizi, akaona kamba yangu. Kofi alilonipiga, hata nikiacha kuongeza chumvi maisha yangu yote, bado nitasema lilisikika Bujumbura.

"Mwanaume mwenye ndevu! Jiko ya nani hii?"

"Mama, nilitaka kitu ya uzito, upepo..."

"Upepo! Ulitaka uzito, umeupata, ona uko wapi!" Akamwonyesha Neema. "Beba kwa mikono. Usitie ndani ya kitu. Rudisha mbele mtoto hajatoka, na usiseme ni bahati mbaya. Omba radhi kama muntu mwizi. Kimbia!"

Majirani walikuwa wameingia, wanamchukua Neema kwenda santé, kituo cha afya. Alinitazama akipita. Ningependa angenitukana.

Dereva wa moto alipoona nilichobeba alinishusha kwenye lami. "Minye huko sifike. Na jiwe hiyo isiguse kiti yangu." Nikateremka kwa miguu. Jiwe lililokuwa la moto, kila hatua likawa linapoa mikononi mwangu. Nililikumbatia, nikalifunika kwa shati, nikalipulizia pumzi kama mtoto mchanga. Likapoa tu. Nilipofika kwenye ule ukuta lilikuwa baridi kama samaki wa friza.

Alikuwepo. Safari hii nilimwona kwa macho, bila kamera. Amechuchumaa, amenipa mgongo, mkono ndani ya moto.

"Mama, nisamehe. Nimeiba. Nimeleta."

"Weka."

Ili kuliweka ilibidi niingize mkono wangu wa kulia palepale ulipokuwa wake. Niliingiza. Moto ule haukuniunguza, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Nikalisukuma jiwe chini ya sufuria, likakaa. Yeye akatoa mkono wake, mweusi, akaugeuza akautazama. Kisha akalishika jiwe.

"Ulichukua ikiwa moto," akasema. "Umenirudishia baridi."

"Mama, sikuweza..."

"Basi ile moto yangu nitaitoa kwako."

Akanishika kiganja. Si kwa nguvu. Kama mtu anayekusalimia baada ya misa. Halafu nikajikuta peke yangu, ukuta, mafiga matatu, majivu ya zamani yaliyoloa maji.

Mtoto alizaliwa usiku huo, mdogo sana, lakini mzima. Neema alipona, kovu likabaki. Nilipofika santé nesi aliniwekea mwanangu mikononi, na mara mkono wangu wa kulia ulipomgusa mgongoni alipiga kelele mpaka akageuka rangi. Nesi akaugusa mkono wangu, akaurusha. "Baba, ulikuwa umeshika barafu?"

Sikuwa nimeshika kitu. Mpaka leo uko hivyo. Tia bugali ya moto juu yake, hausikii. Upashe juu ya makaa, ngozi itaungua, ndani baridi. Mnaokuja kunipa mkono harusini, mnavuta wenu haraka mkifikiri nimetoka kunywa soda, sasa mnajua. Tena vidole haviisikii batani ya kamera, na mkono unatetemeka, kwa hiyo siwezi kupiga picha hata moja bila trepie. Ile ile ya kaboni. Ni nzuri, siisemi vibaya: inaingia kwenye sac, barrière hawanilazi chini tena. Lakini mimi niliitafuta ili nisiibebe sana, na sasa siwezi kuiacha nyumbani hata siku moja.

Ile picha niliifuta. Espoir aliniomba aione, nikakataa.

Basi wewe unayetaka kununua trepie ya safari, chukua nyepesi, mimi sikukatazi. Lakini uzito wa kutundika toka nao kwako. Jaza bidon. Jaza mfuko mchanga. Na ukifika kando ya ziwa ukakuta jiwe jeusi lenye kiuno kizuri, limesimama na wenzake wawili, usiliguse, hata kama upepo unaibeba kamera yako kwenda kuizamisha. Iache izame. Kamera nyingine itapatikana. Mimi mwanangu sasa anatembea, anakuja mbio nikirudi kazini, na akinikaribia anasimama kwanza atazame ni mkono gani ninaomnyoshea. Namnyoshea wa kushoto. Wa kulia nauweka nyuma.