Neno langu moja limemlaza mume wangu hospitali

Admin, nifichie jina, na ukiweza posti sasa hivi. Nina miaka 31, watoto wawili, ni fundi cherehani hapa Mwanga. Mdomo wangu haujui kupumzika, na safari hii umeniponza.

Mume wangu ni mkimbizi wa Burundi. Alitoka kambini bila kibali tukaoana, na majirani zetu Buzebazeba, mtaa tunaoishi, wanajua ni Muha wa Kasulu. Kiha na Kirundi ni ndugu, nani atamshtukia? Dawa zake za akili analetewa na dada yake aliyebaki kambini. Akizimeza ni mtulivu, hata ugali anasonga kuliko mimi.

Juzi mama yangu mzazi, aliyekuja kututembelea, akaniuliza, "Mwanangu, vidonge vya mwenzio ni vya nini?" Nikaona aibu kutaja ugonjwa, nikaleta utani: "Aa mama, akivikosa anapata arosto!" Nikacheka. Kumbe mama arosto anayoijua ni ya wala unga wakikosa dawa za kulevya. Asubuhi yake akavimwaga vyote chooni, ananiambia, "Nimemwokoa mkwe wangu." Jamani!

Mume wangu akaanza kutoka jasho. Usiku hakulala, anatetemeka mpaka kikombe kinamponyoka. Leo mchana ameanguka kifafa, na hajawahi kuwa na kifafa maishani. Nimemleta na bajaji huku nimemshika kichwa, nalia kama mtoto.

Daktari akaniambia, "Dada, dawa za namna hii haziachwi ghafla, anaweza kufa. Nipe jina la dawa na mahali anapotibiwa, niwapigie waliomwandikia."

Bahasha tupu ya dawa ninayo, nimeifunga kwenye pindo la kanga. Lakini jina la zahanati ya kambi limeandikwa hapohapo juu. Nikajibu, "Sijui."

Akanitazama. "Hujui mumeo anameza nini?"

Nikisema, naogopa watamrudisha kambini, au watamrudisha Burundi kabisa, na watoto wangu wataniuliza baba yuko wapi. Nikinyamaza, nitamzika nikiwa bado nadanganya ni Muha wa Kasulu. Mama yupo pembeni yangu hapa kwenye benchi, analia tu, hata kumgombeza siwezi, maana neno lilikuwa langu.

Nesi ameshaita mara mbili, "Mke wa mgonjwa!" Nyie ambao akili zenu zimetulia, niambieni upesi, nifungue hili fundo?