Rungu ya Mheshimiwa Iko Kwetu

Watu wangu, rungu ya mheshimiwa iko kwetu nyumbani na hairudi!

Niko saiba hapa Kitengela, kwenye kompyuta ya kulipia, bado nacheka peke yangu.

Leo asubuhi mbunge wetu alikuwa na mkutano Kajiado. Shilingi inaanguka kila siku, wapinzani wanataka Bunge lijadili, na yeye anapinga. Eti mjadala utatisha wananchi. Sisi tulitishika kitambo, dukani!

Wazee wakampa rungu aongee. Mnajua desturi yetu: mwenye rungu ndiye anaongea, wengine kimya.

Halafu akaletewa shuka ya zawadi. Ili ajifunge vizuri, akamwambia mama yangu, aliyekaa karibu naye, "Mama, nishikie hii rungu kidogo."

Wueh!

Mama akasimama.

Akaeleza bei ya unga, ya mafuta ya taa, ya dawa ya ng'ombe, bila haraka yoyote. Mheshimiwa akajaribu kumkatiza. Wazee wakamuuliza, "Kwani rungu iko na nani?"

Akarudi kiti chake, shuka imening'inia bega moja. Nani angemwokoa? Wewe?

Mwishowe akasema, "Sawa mama, nitaunga mkono mjadala. Sasa nipe rungu."

Mama akaibana kwapani.

"Kwanza nenda useme hivyo Bungeni. Hii utaikuta kwangu."